Milimita 31

Ndege ya rimoti ikianguka, mwenyewe hukimbilia bawa. Fundi mzoefu huichomoa kwanza risiva tumboni mwa ndege, akatafuta antena, kile kiwaya chembamba ambacho wengi hukidharau. Bawa lililovunjika halijifichi. Antena iliyokatika yaweza kutulia kimya hadi ndege ifike mbali, ndipo ikaacha kusikia.

Risiva nyingi za siku hizi hutumia gigahezi 2.4. Wimbi la hapo lina urefu wa milimita 125 hivi, na robo yake ni milimita 31 na ushei. Kazi yote imo humo. Waya wenyewe una tabaka: ganda la nje, wavu wa nyuzi za metali, plastiki ya ndani, kisha uzi wa kati. Penye wavu mawimbi hupita tu. Yanapokelewa kwenye ncha isiyo na wavu, yenye urefu wa robo hiyo. Kwa hiyo ncha ikikatika, anayejua hagusi risasi ya kulehemia. Hurudi nyuma penye waya mzima, akachonga ncha mpya.

Uchongaji huo hauchoshi kuutazama. Analaza wembe juu ya ganda bila kukandamiza, kisha anauviringisha waya chini yake kwa kidole hadi ganda liachie lenyewe. Wavu anausukuma nyuma ulegee, anaupunguza unywele kwa unywele. Plastiki ya ndani haigusi, maana wembe ukipenya na kuukwaruza uzi wa kati, mtikisiko wa mota utaumalizia papo hapo. Anapima kwa rula kuanzia wavu unapoishia. Mara ya kwanza huacha ncha ndefu kidogo: iliyozidi hukatwa, iliyopungua haiungwi.

Waliozoea risiva za zamani za megahezi 35, zenye waya wa karibu mita nzima, hudhani ncha ikirefushwa itashika mbali zaidi. Wapi! Inaharibika tu.

Waya ukikatikia shinani, hapo hapana ujanja, ni kulehemu. Uzi wa kati upate nukta yake na wavu ushikane na ardhi ya sakiti. Unywele mmoja wa wavu ukiugusa uzi wa kati, antena imekufa. Moto nao uguse na kutoka, plastiki isiyeyuke. Kama risiva ina soketi, nunua antena mpya uibandike. Siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Kisha majaribio. Rimoti inawekwa kwenye nguvu ndogo, fundi anarudi nyuma hatua 30 hivi, na mwenzake anaigeuza ndege: pua, mkia, mabawa, tumbo juu. Haridhiki na upande mmoja, kwa kuwa risiva nyingi zina antena mbili, na iliyo nzima huifichia mwenzake ubovu. Zikishajibu pande zote, anazifunga zikitazamana kwa pembe ya digrii 90, mbali na betri na vipande vya kaboni, ndipo anamruhusu mwenye ndege afunge mfuniko.