Mtoto wa mtaani ni mtoto wa nani?

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei ambayo wengi wenu mliisoma shuleni, au mliiona mezani mtoto wenu alipokuwa akijiandaa kwa KCSE. Tulikuwa tumefika pale Umulkheri anapoingia jijini peke yake. Mamake, Naomi, ameshaondoka. Babake, Lunga, ameshafariki. Naye kijakazi Sauna ameshatoroka na ndugu zake wawili. Anayempokea ni Hazina, kijana wa mitaani. Nikawaambia wanafunzi wangu kwa bashasha, "Mwaona? Chokoraa ndiye anayetufundisha utu!" Darasa likacheka. Nami nikaridhika kwamba hoja imeingia.

Baada ya kipindi, kijana mmoja alinifuata hadi ofisini, akasimama mlangoni. "Mwalimu, samahani," akasema. "Mle kitabuni ana jina. Anaitwa Hazina."

Nilimwambia aketi. Hapo ndipo aliponieleza kwamba yeye mwenyewe aliitwa chokoraa kwa miaka miwili, tangu akiwa na umri wa miaka minane, katika soko la mji mmoja wa Bonde la Ufa. Mamake alikuwa amefariki. Babake alikuwa hai, ana kazi na familia nyingine, wala hakuishi mbali na soko lile. Mtoto alikula masazo na kulala chini ya meza za wauza mboga. Aliyemtoa huko ni mama mmoja muuza githeri. Siku ya kwanza hakumpa hata ndururu. Alimuuliza tu, "Wewe ni wa nani?" Kisha akamwambia, "Kesho asubuhi uje unioshee sufuria, ule, halafu tuone hiyo mambo ya shule."

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewasahihisha watangazaji, wanasiasa na hata maprofesa wenzangu. Kumbe neno lililohitaji kusahihishwa lilikuwa kinywani mwangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapekua maneno tunayoyatumia kuwahusu watoto wenye njaa, na niliyoyaona hayanipendezi.

Tuanze na hilo chokoraa. Katika Kihindi na Kiurdu, chhokra ni mvulana tu, na wakati wa ukoloni neno hilo lilitumiwa kumwita mtoto wa kiume aliyeajiriwa kazi ndogo ndogo za nyumbani. Kamusi za zamani za Kiswahili nazo zinamtambua chokora kuwa kijana tegemezi, mtumishi wa jikoni, anayeishi kwa kumfuata mtu mwingine. Upande wa pili tuna kitenzi chetu cha kuchokora, yaani kudukua kwa kitu chenye ncha, kama mtu anavyochokora meno. Kwa maoni yangu, maana hizi mbili zimekutana Nairobi na kuoana. Tunapolisikia neno hilo leo, tunamwona mtu anayechokora mapipa ya taka. Mvulana amepotea njiani, likabaki pipa.

Waungwana miongoni mwetu wataniambia kwamba wao hawasemi chokoraa, husema "watoto wa mitaani". Vyema. Lakini tulitazame na hilo. Katika Kiswahili fasaha, mtaa si barabara. Mtaa ni sehemu ya mji yenye nyumba, majirani, msikiti au kanisa, kisima na watu wanaojuana. Ukienda Mji wa Kale, Mombasa, utaambiwa Kibokoni ni mtaa na Kuze ni mtaa. Mtu wa mtaa hajapotea, yuko kwao. Tulipotafsiri msamiati wa mashirika ya kigeni kuhusu watoto wanaolala barabarani, tulilichukua neno mtaa tukalifanya jalala. Ukilirudishia neno hilo maana yake, mtoto wa mtaa ni mtoto wa majirani. Ni wenu nyote mnaoishi pale. Lugha ilitushtaki bila sisi kujua.

Kuna kosa jingine, nalo limejificha katika sarufi. Vyombo vyetu vya habari hupenda kuandika "watoto waliotelekezwa". Kila mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba kauli ya kutendwa huweza kubeba mtenda kwa kiunganishi "na": chakula kimeliwa na paka. Sasa, watoto hawa wametelekezwa na nani? Sentensi inakomea hapo, tunafungua ukurasa wa michezo. Wakati mwingine tunasema "wanaorandaranda", kana kwamba mtoto wa miaka saba ameamua kwenda matembezini usiku wa manane Kenyatta Avenue.

Linganisheni kauli hizo na methali tunayoipenda sana katika insha za shule: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapo mtenda ametajwa waziwazi. Ni mama. Baba hayumo, mjomba hayumo, jirani hayumo. Inapokuwa lawama ni ya mama, sarufi yetu inakumbuka kiunganishi; inapokuwa lawama ni yetu sote, inakisahau. Mwanafunzi wangu hakufunzwa na mamaye kwa sababu mamaye alikuwa kaburini. Nilipokuwa mtahini nilizipa alama nzuri insha nyingi zilizoimalizia methali hii kwa mtoto kuangamia, wala sikuwahi kuandika pembeni: je, babake alikuwa wapi?

Sisemi kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na huruma. Methali ya mkono mmoja haulei mwana imo katika Kiswahili hicho hicho. Majina ya ukoo nayo yanashuhudia. Ndugu ya baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Dada ya mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Waliotuachia istilahi hizi walijua kwamba wazazi hufa, huugua na huondoka, kwa hiyo wakampa mtoto baba na mama wa akiba. Siku hizi wote wamekuwa anko na anti. Anko huleta zawadi Krismasi. Baba mdogo alikuwa na wajibu.

Lakini tusije tukadanganyana kwamba zamani kila mtoto alishiba. Waandishi wetu walikwisha kutuonya. Katika Nyota ya Rehema, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed iliyochapishwa mwaka wa 1976, Rehema ananyanyasika akiwa binti ya Fuad, tajiri wa mashamba. Njaa yake ni ya mapenzi, na iko ndani ya nyumba yenye mali. Ukoo peke yake hautoshi, na ukuta mrefu huficha mengi.

Ken Walibora alikwenda mbali zaidi katika Kidagaa Kimemwozea. Kitoto kichanga kinaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani. Amani na Imani, vijana wawili watumishi wasio na mbele wala nyuma, wanakilea na kukiita Uhuru. Babake kamili ni Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko. Kitoto kinapougua, hospitalini hawapati msaada unaostahili. Kinapokufa, wanaotiwa mbaroni ni hao hao waliokilea. Tumelifundisha tukio hili kwa miaka mingi chini ya maudhui ya uongozi mbaya. Sawa. Ila tumewaachia wasomaji nafasi ya kujificha nyuma ya Mtemi. Sokomoko ilikuwa na majirani. Walikuwa wapi?

Tukiviweka vitabu hivi viwili pamoja, Kidagaa na Chozi la Heri, tunaona mtindo mmoja. Mtoto aliyeachwa huokotwa kwanza na maskini mwenzake. Mtumishi anamwokota mchanga, kijana wa mitaani anamwokota msichana mgeni. Wenye nafasi, mfano wa Mwangeka na Apondi wanaompokea Umulkheri, hufika baadaye, wakati mtoto ameshakwisha kuokolewa na mtu asiyekuwa na kitu. Na ndivyo ilivyokuwa kwa kijana aliyekaa mbele yangu ofisini. Sokoni mle mlipita waalimu, mapasta, mashehe, makarani wa serikali na, bila shaka, profesa mmoja au wawili. Muuza githeri ndiye aliyesimama.

Hili si suala la hisani tu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya chakula cha kutosha, makao, matibabu na elimu ya msingi, na kinasema malezi ni jukumu la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyafafanua hayo kwa marefu. Na haki iliyotangulizwa katika kifungu hicho, kabla ya chakula, ni haki ya mtoto kuwa na jina. Nimeisoma Katiba mara nyingi, lakini mpangilio huo nilikuwa sijauzingatia. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu zaidi ya watu 46,000 nchini, watoto na watu wazima. Kila mmoja wao ana jina, na sisi tuna neno moja kwao wote.

Najua nitakavyojibiwa. "Prof, ukimpa mbao ataenda kununua gundi." Huenda ikawa kweli, na ndiyo maana yule mama hakumpa pesa. Alimpa swali na sufuria. Swali lake, "wewe ni wa nani?", halina mfano. "Wewe ni nani?" humtaka mtoto ajieleze. "Wewe ni wa nani?" hututafuta sisi wengine: baba aliye karibu na soko, mama mdogo aliye kijijini, chifu, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, mwalimu mkuu aliyekifuta jina rejistani. Yule mama alimfuata baba. Baba alipokataa, alimwendea mzee wa mtaa, kisha mwalimu. Ilichukua miezi. Leo kuna hata nambari 116 ya kuripoti mtoto aliyetelekezwa, na haitozi malipo.

Kwa walimu na wahariri wenzangu nina ombi moja. Mkiandika "waliotelekezwa", malizieni sentensi. Andikeni na nani, hata kama jibu litakuwa refu na litaingia mtaani kwenu.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani, nikaomba radhi, nikaisema upya sentensi yangu: Hazina ndiye anayetufundisha utu. Safari hii hakuna aliyecheka. Kijana yule alikuwa ameketi safu ya nyuma, akiandika.