Msimulizi, Nyamaza Kidogo

Jumamosi jioni hapa Kakuma, jua likishashuka, vijana wengi utawapata kwenye kibanda cha video. Mabati, mabenchi, televisheni moja, spika kubwa mlangoni. Kama kuna mpira wa Ulaya, ni mpira. Ukiisha, inawekwa filamu iliyosimuliwa. Uliza jina la filamu, hawajui. Uliza nani amesimulia, wote wanajibu pamoja.

Kazi hiyo si ndogo. Lufufu aliifanya Tanzania, DJ Afro ameifanya Kenya, na Uganda wako wanaosimulia kwa Kiganda. Mtu anachukua filamu ya Kihindi au ya Kichina, anaweka sauti yake juu ya waigizaji, anawapa majina ya mtaani, hata polisi wa Hong Kong anaomba kitu kidogo. Kuna wanaosema huko ni kuharibu filamu. Mimi nakataa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na yanapita mbio. Mimi nilikuja na Kiswahili cha Kivu. Hiki cha Kenya nilikisikia kibandani kabla ya darasani.

Lakini kuna kitu kinanisumbua: hawanyamazi.

Mwezi uliopita tuliangalia filamu ya Kihindi. Mama analetewa maiti ya mwanawe. Haongei. Anampangusa vumbi usoni, polepole. Msimulizi, jina lake naliacha, akaingiza utani kwamba mama anatafuta pesa mfukoni. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikamwona mama anayeuza mandazi pale mlangoni, ambaye huwa anachungulia, amegeukia karai lake la mafuta. Hakuangalia tena mpaka filamu ikaisha.

Sisi wengi hapa tulizika watu wetu mbio mbio, wengine hatukuzika kabisa. Utani unasaidia, sikatai. Hata kwetu kwenye msiba watu huchekeshana. Ila yule anayechekesha msibani anajua saa ya kuacha. Msimulizi wetu anaogopa kimya kama vile spika itazima.

Baadaye, kwenye kikundi chetu cha vijana, niliweka filamu ileile bila sauti, wakasimulia wenyewe kwa zamu. Zamu ya msichana mmoja wa Burundi ilifikia pale pale. Huyu hajawahi kuingia kibandani, maana saa hizo yuko jikoni na wadogo zake. Alisema tu, "Huyu ni mama yake." Akaweka mikono mapajani, akangoja.

Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Ongea basi!" Hakuongea. Tukaangalia ule mkono unapangusa vumbi, mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimeiona ile filamu, kumbe ule mkono sikuuona.

Jumamosi ijayo nataka kumwomba mwenye kibanda atupe nusu saa moja tu, kabla ya mpira. Huyo msichana tutamtafutia mtu wa kubaki na wadogo zake.