Lugha ya Mwendo katika Maswali ya Fizikia

Husemwa mara kwa mara ya kwamba mwanafunzi ashindwaye kutafuta umbali ni mdhaifu wa hesabu. Sisi twaona ya kwamba mara nyingi kosa limo katika lugha ya swali lenyewe.

Tutazame swali la namna hii: "Gari lilikwenda mwendo wa kilomita 60 kwa saa 2. Tafuta umbali." Mtungaji alikusudia kilomita 60 kila saa, kwa muda wa saa 2, basi jibu lake ni 60 × 2, yaani kilomita 120. Lakini mwanafunzi aandikaye 60 hakukosa Kiswahili. Neno "mwendo" lina maana ya namna ya kwenda, na pia ya umbali. Ndiyo maana twasema kijiji kiko mwendo wa siku mbili. Nalo neno "kwa" limebebeshwa mizigo miwili, "kila" na "kwa muda wa", hata msomaji hajui ni upi wa kuushika. Je, ni haki kumpa sifuri?

Dawa yake si ngumu: "Gari lilikwenda kwa mwendokasi usiobadilika wa kilomita 60 kila saa, kwa muda wa saa 2. Lilisafiri umbali gani?" Hapo kila neno lina kazi yake.

Hilo "usiobadilika" lisidharauliwe. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoeleza mwendo ulio sawa, alisisitiza ya kwamba umbali uwe sawa katika vipindi vyo vyote vilivyo sawa. Alijua thamani ya neno hilo moja. Basi laweza kukata kilomita 60 kila saa, na huku lasimama nusu ya kila saa likipakia abiria. Baada ya saa 2 litakuwa limefika kilomita 120. Lakini baada ya nusu saa ya kwanza, hatuwezi kusema ya kwamba limefika kilomita 30.

Wako wasemao ya kwamba Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Lugha yenye "umbali", "muda" na "mwendokasi" haikupungukiwa na kitu hapa. Kilichopungua ni uangalifu wa mtungaji. Hivyo basi, ndugu walimu, yafaa mwalimu wa lugha na mwalimu wa fizikia wasome swali pamoja kabla halijafika kwa mtoto.