Lugha ya Kumwokoa Mtu Aliyeanguka

Maandishi ya huduma ya kwanza aghalabu hayahesabiwi kuwa ni kazi ya mhakiki wa lugha. Huachiwa matabibu, nao wakiisha kuthibitisha kwamba mafundisho ni sahihi, kazi hudhaniwa imekwisha. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba haijaisha. Agizo laweza kuwa sahihi mbele ya tabibu, lisimfae hata kidogo mtu aliyepiga magoti kando ya jirani yake sokoni. Kipimo cha maandishi ya namna hii si uzuri wa sentensi wala wingi wa istilahi. Kipimo ni kwamba mkono uanze kazi kabla shaka haijauzuia.

Moyo wa mtu mzima ukisimama, ubongo hukosa damu, na baada ya dakika chache huanza kuharibika. Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walitangaza kwamba damu yaweza kuendeshwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono, pasipo kukipasua. Tangu hapo msaada wa kwanza umo mikononi mwa yeyote aliye karibu. Na kwa hiyo umo pia katika maneno aliyofundishwa. Mifano nitakayoitoa nimeitunga mwenyewe kwa kufuata mwenendo wa vijitabu na mabango ya Kiswahili. Ninaupima mwenendo, simpimi mwandishi fulani.

Tuanze na jina la hali yenyewe. Bango husema: “Mtu akizimia, fanya yafuatayo.” Kuzimia ni neno zuri la Kiswahili, na kuzirai ni ndugu yake. Lakini neno hili limebeba mwisho wake ndani yake: aliyezimia huzindukana. Msikiaji akilisikia, hukumbuka mara moja desturi zake, yaani kumpepea mgonjwa, kumnyunyizia maji usoni, na kungoja. Kwa aliyezirai kwa njaa au joto, kungoja huku hakuna madhara makubwa. Kwa aliyesimama moyo, kungoja ndiko kunakomuua. Wala “mshtuko wa moyo” hautufai hapa, kwa kuwa hutajwa pia kwa mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba, naye yu macho, ashika kifua na kusema. Mwandishi asimtake mpita njia achague jina la ugonjwa. Ampe dalili mbili tu: haitikii, na hapumui kama kawaida.

Hilo la pili lina mtego wake. Moyo ukiisha kusimama, huenda mtu akaendelea kwa muda mfupi kuvuta pumzi moja moja, za kukoroma au za kutweta, kama samaki aliyetolewa majini. Kiswahili kina njia mbili za kuieleza hali hiyo, na zote mbili hufunga mikono. Mmoja husema, “Bado anapumua,” basi humwacha. Mwingine husema, “Anakata roho,” basi humsomea au humlilia. Maandishi yanayosema tu “ikiwa hapumui” hayajamsaidia yeyote kati ya hawa wawili. Yafaa yaseme wazi: “Akikoroma au akitweta mara moja moja, hesabu kuwa hapumui.” Sentensi hii moja ina thamani kuliko ukurasa mzima wa maelezo ya mapafu.

Sasa tuje kwenye kitenzi cha mikono. Wagunduzi wa mwaka 1960 waliiita kazi hii kwa neno la Kiingereza ambalo kwetu ni kukanda. Lakini kwetu hukandwa unga, na hukandwa mwili uliochoka. Katika yote mawili mna upole ambao hapa haufai. Kubonyeza ni kazi ya kidole: hubonyezwa kengele, hubonyezwa embe kujua kama limeiva. Kushindilia kuna nguvu na kurudiarudia, lakini humkumbusha mtu mchi na bunduki ya gobori, akadhani atakiwa kupiga. Kukandamiza ndiko kunakobaki, kwa kuwa huonyesha uzito wa mwili ukishuka juu ya kitu bila kukigonga. Upungufu wake ni mmoja: hakusemi kuachia. Kinachokandamizwa hukaa chini. Kifua sharti kirudi juu kila mara, ili moyo ujae damu tena. Kwa hiyo kitenzi hiki kisiandikwe peke yake. Kiandikwe na mwenzake: kandamiza, achia.

Twaona kadhalika udhaifu katika hali ya kitenzi. “Mgonjwa alazwe chali, msaada uitwe, kifua kikandamizwe.” Nani amlaze? Nani aite? Watetezi wa mtindo huu husema kwamba una adabu, na kwamba kumwamuru msomaji kama mtoto ni utovu wa heshima. Hoja hii ingekuwa na uzito katika barua au katika tangazo la mkutano. Lakini penye umati, agizo lisilo na mtendaji hugawanywa kwa wote, na fungu la kila mmoja huwa si kitu. Kila mtu humtazama mwenziwe. Hapana budi maandishi yamfundishe msomaji kusema na mtu mmoja: “Wewe kaka mwenye shati jeupe, piga simu ya dharura, kisha urudi uniambie.” Neno la udugu limehifadhi heshima, na amri imebaki amri. Heshima hiyo hiyo isiwe kizuizi aliyeanguka akiwa mwanamke asiye jamaa, au mzee wa watu. Mwandishi asiikwepe aibu hiyo kwa kunyamaza. Aseme kwamba mikono huwekwa juu ya mfupa wa katikati ya kifua, na kwamba kuvunjika ubavu ni jambo dogo mbele ya kufa.

Limebaki jambo la hesabu, nalo ni la kupendeza kwa mwanafunzi wa mashairi. Kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwenda chini sentimita 5, bila kupita 6. Na aliyefundishwa kupuliza hutoa pumzi mbili kila baada ya mara 30. Vijitabu humwambia mtu ahesabu moja hadi thelathini. Ajaribu mwandishi mwenyewe! Kila pigo lina nusu ya sekunde au zaidi kidogo, na “ishirini na tisa” ina mizani saba. Ulimi huchelewa, na mikono huufuata ulimi. Lakini tazama moja hadi kumi: kila neno lina mizani mbili, hata nne, ambayo nuni yake ya kwanza husimama kuwa silabi. Lugha imetupa kipimo kilichokwisha kuwa sawa. Basi tuhesabu kumi mara tatu.

Kwa kufuata hoja hizi, agizo lingeandikwa hivi: “Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Haitikii? Mwagize mtu mmoja apige simu, nawe mtazame kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapumui, au akoroma mara moja moja? Mlaze chali mahali pagumu. Weka kitanga cha mkono katikati ya kifua, na mkono wa pili juu yake. Nyosha viwiko. Kandamiza kwa nguvu, achia, kandamiza, achia. Hesabu kumi mara tatu. Kama hujui kupuliza pumzi, endelea na kifua tu. Usiache mpaka azinduke, au msaada ufike, au nguvu zikuishie.”

Hapana istilahi ngeni humo, wala hapana neno ambalo mvuvi au mwalimu hatalielewa. Vyuo vyetu vimefanya kazi kubwa ya kusanifisha majina ya mifupa na magonjwa, na kazi hiyo yastahili sifa. Lakini aliyelala chini hahitaji jina la ugonjwa wake. Ahitaji vitenzi, navyo vimpate jirani yake vikiwa vimepangwa tayari.