Mikono Miwili ya Mfanya Kiinimacho

Mfanya kiinimacho husifiwa kwa wepesi wa vidole. Watazamaji hurudi makwao wakisema kuwa mkono wake umelishinda jicho kwa mbio. Sifa hiyo yapendeza masikioni, lakini yafaa ipimwe. Mkono wenye haraka huliita jicho, wala haulikimbii. Kwa maoni yangu, ubora wa sanaa hii umo katika usawa wa mikono miwili.

Na tuutazame mchezo mdogo wa sarafu. Mchezaji hushika sarafu kwa mkono wa kuume, akajifanya kuitia katika mkono wa kushoto; kisha hufumbua wa kushoto, nao ni mtupu. Sarafu haikuondoka kuumeni, imebanwa kiganjani. Hapo mkono wa kuume umeshika kitu nao wajionyesha mtupu, na wa kushoto ni mtupu nao wajionyesha umeshika kitu. Aliyeufunza mkono mmoja tu atafaulu katika nusu ya kazi na kuanguka katika nusu ya pili. Mkono wake wa kushoto utafumbwa ngumu kama jiwe, au utalegea kama kitambaa. Mtazamaji hatajua kosa ni lipi, ila moyo wake utashuku. Mkono usiofunzwa ndio msaliti.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera ana mfano karibu naye. Mkamuaji wa ngamia husimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuegemeza gotini, na chombo kimekaa juu ya paja. Maziwa ya ngamia hushuka kwa muda mfupi tu baada ya ndama kuanza kunyonya; kwa hiyo mkamuaji hana nafasi ya kuungoja mkono mzito. Hakuna ampigiaye makofi, lakini mikono yake yote miwili yaijua kazi.

Katika nchi hiyo hiyo, mkono wa kuume ndio wa kula, wa kusalimia na wa kutoa. Mchezaji akimpa mzee sarafu kwa mkono wa kushoto, amekosa adabu na ameiharibu sanaa yake, kwa kuwa macho yote yatauangukia mkono ule alioutaka usahauliwe. Basi mkono wa kushoto ufunzwe sawasawa na wa kuume, kisha uifuate desturi ya mahali. Kwa sababu hii, mtoto aliyepewa nguvu kushoto na maumbile, akafunzwa na wazazi kula kwa kuume, asione haya: amekwisha kulianza somo ambalo wenziwe hawajalifungua.

Huenda mtu akauliza: je, René Lavand? Bwana huyu wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2015, alipoteza mkono wa kuume akiwa mtoto wa miaka 9, akacheza karata kwa mkono wa kushoto peke yake hadi akajulikana duniani. Tena alipenda kucheza polepole. Mfano wake hauivunji hoja yetu, bali waitia nguvu. Mkono uliombakia aliufunza kazi za mikono miwili, na haraka hakuihitaji.

Jambo hili si la mchezo tu. Vituoni mwa magari wako wachezeshao pata potea. Mwanafunzi mwenye karo mfukoni huufuata mkono uendao mbio, akidhani uangalifu utamwokoa. Kumbe hadaa imekwisha kufanyika kwa utulivu kabla hajaweka fedha, na wale aliowaona wakishinda ni washirika wa mchezeshaji. Mfanya kiinimacho wa kweli hutuambia mapema kuwa atatudanganya, kisha huturudishia sarafu yetu. Yule wa kituoni hurudisha mikono mitupu.

Basi siku utakapoketi mbele ya mchezo wa namna hii, usiutazame mkono unaopepea. Utazame ule uliotulia. Ukiuona umetulia bila kukakamaa, kama mkono wa mtu asiye na neno la kuficha, mpigie mchezaji makofi; na ukiwa kituoni, shika safari yako.