Fundi Anayemuuliza Mtoto

Mtoto wa kiume wa miaka mitano ana kimo cha sentimita 110. Wa kike wa umri huo ana 109.4. Ni vimo vya kati katika majedwali ya ukuaji ya Shirika la Afya Duniani, na fundi cherehani akiyasoma ataona kwamba tofauti ya milimita sita haimhusu, maana ni ndogo kuliko nafasi anayoiacha kwa mshono mmoja. Kifua, kiuno na nyonga nazo hukaribiana hivyo hivyo mpaka balehe ianze kuwatenganisha. Mwili wa mtoto mdogo, basi, haumdai fundi nguo za aina mbili. Anayezidai ni mtu mzima aliyesimama pembeni na pesa mkononi.

Napenda kuwatazama mafundi wanaolijua hilo kwa mikono yao. Si wengi. Nguo ya mtoto hula muda karibu sawa na ya mkubwa, huku mzazi akitaka kulipa nusu kwa hoja kwamba kitambaa ni kidogo, na kwa hiyo mara nyingi huachiwa mwanafunzi ajifunzie hapo. Fundi mkuu anayeichukua mwenyewe na kuiinamia ana jambo analolipenda.

Utamjua kwenye vipimo. Fundi mwenye haraka humpima mtoto akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kisha huandika namba na kumgeukia mama. Huyu mwingine akimaliza hapo humwambia mtoto achuchumae, anyanyue mikono, ainame kama anayeokota kitu, na kila mara futikamba inarudi kazini: mgongoni kutoka shingo hadi kiuno, chini ya msamba, kutoka kwapani hadi nyonga. Mgongo wa mtoto aliyechuchumaa hurefuka kwa sentimita kadhaa, na suruali isiyolijua hilo itashuka nyuma kila anapocheza gololi. Kwa hiyo kiuno hukatwa kwa kupandishwa nyuma kuliko mbele, na kwenye msamba, mahali mishono minne inapokutana na kuchanika kwanza, huongezwa kipande kidogo chenye umbo la almasi, pungufu ya kiganja.

Kipande hicho ni mtihani. Ili pembe zake zisijikunje, fundi husimamisha cherehani sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, huinua mguu wa mashine, hugeuza nguo, hushusha mguu, huendelea. Pembe nne, mara nne, na kila pembe ikikosewa kwa nyuzi mbili tu, vazi linavuta. Mzazi hatakiona kamwe. Atakachoona ni binti yake akipanda ukuta na kushuka, na nguo ikiwa nzima.

Shingoni kuna hesabu nyingine. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na hata akifika miaka mitano kina mzunguko wa sentimita 50 hivi, juu ya mabega ambayo bado ni membamba. Tundu la shingo linalopitisha kichwa hicho litapwaya mabegani. Linalotulia mabegani litamkwama masikioni, naye atalia kila asubuhi. Mafundi hutatua hilo kwa mpasuo mfupi wenye kifungo kimoja begani, ukingo wake ukizungushiwa utepe uliokatwa hanamu, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hanamu hujivuta na kufuata mviringo bila kukunjamana. Kifungo huwa kikubwa kidogo na tundu lake legevu, ili vidole vidogo vikiweze. Mtoto anayejivalisha mwenyewe ameanza kuwa na kauli juu ya nguo yake.

Kabla ya hayo yote kitambaa kimelowekwa. Kitenge kipya kina wanga unaokikaza, na pamba husinyaa. Ukikata bila kuloweka, vazi litapungua kwenye ndoo ya kwanza ya dobi. Kisha hukatwa kwa kufuata uzi, na pindo la chini hukunjwa kwa upana wa vidole vitatu ili literemshwe mtoto akirefuka.

Halafu linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha ufundi huu.

«Shikamoo, fundi.»

«Marahaba, mwanangu. Haya, nguo ni yako. Mfuko unataka wa kuweka nini?»

Mtoto wa kwetu hajazoea kuulizwa. Kwanza humtazama mama yake. Fundi mwenye subira haharakishi. Hupanga vifungo mezani, hukunjua kitambaa, humpa muda. Jibu likija, huwa ni la kweli: gololi, kokoto, kipande cha chaki, mbegu za mkwaju. Mfuko wa gololi hutaka kina na kushonwa mara mbili chini. Wa kalamu za rangi hutaka wembamba. Fundi hulaza kiganja cha mtoto juu ya kitambaa, hukizungushia chaki, na humo ndimo mdomo wa mfuko unamotoka.

Nguo za wasichana zimenyimwa mifuko kwa muda mrefu, na sioni sababu hata moja ya kuikubali hali hiyo. Gauni lenye marinda ndilo vazi rahisi kuliko yote kuficha mfuko. Vipande viwili vya bitana hukatwa kwa umbo la kiganja kilicholala, kila kimoja hushonwa kwenye ukingo wake wa ubavu, na mshono wa ubavu unaposhuka huzunguka nje ya mfuko badala ya kupita moja kwa moja. Juu na chini ya mdomo sindano hurudi nyuma na mbele mara kadhaa ili usichanike. Marinda yakianguka huoni chochote. Msichana anatembea na mikono mifukoni, na mwendo wake unabadilika. Mtazame utaona.

Vifungo navyo vina siasa yake. Kwa desturi ya mashati ya kisasa, upande wa kushoto hulala juu kwa wanaume, na wa kulia kwa wanawake. Shati la kaka hurithiwa na dada katika nyumba nyingi, na hakuna mtoto anayezaliwa akijua upande wake. Fundi anayefikiri mbele huweka mpasuo mfupi kifuani, nguo ivaliwe kwa kupitia kichwani, au hutumia lastiki yenye matundu kiunoni inayofungwa kwa kifungo cha ndani na kulegezwa mtoto anaponenepa. Vazi hilo litapita kwa watoto watatu bila yeyote kuambiwa kwamba amevaa la mwingine.

Rangi ndiyo inayozua mzozo. Mvulana anaonyesha kitenge chenye maua, au pinki, na mtu mzima anashtuka. Ningependa tutulie kidogo. Maua ya kitenge yamevaliwa na wanaume wa Kinshasa na Lubumbashi kwa vizazi, kwenye mashati yaliyopigwa pasi ya kwenda ibadani na kazini. Nelson Mandela alivaa mashati yenye michoro mikubwa hadi yakaitwa kwa jina lake la ukoo, Madiba. Pwani yetu, vazi la heshima kuliko yote la mwanamume ni kanzu, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, lililotiwa darizi shingoni. Na kila mtoto wa pwani, wa kike au wa kiume, hulazwa siku zake za kwanza ndani ya kanga ya mama yake, yenye maua, korosho au rangi yoyote iliyokuwepo sandukuni.

Hata kule zilikotoka sheria hizi za pinki na buluu hazina umri mkubwa. Ipo picha ya mwaka 1884 ya Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa na miaka miwili na nusu: nywele ndefu, gauni jeupe. Ndivyo watoto wa kiume wa tabaka lake walivyovishwa wakati huo. Gauni jeupe lilifuliwa kwa maji ya moto na kurithishwa kwa anayefuata, jambo ambalo mama yeyote wa Tandale angelielewa.

Wapo waliolifanya wazo la nguo isiyotenga jinsia kuwa kazi ya kiwandani, na kwa ufundi wa kuheshimika. Mwaka 1968, huko Ufini, Annika Rimala wa Marimekko alichora mistari ya upana sawa kwenye kitambaa cha fulana, nguo ya kuvaliwa na mkubwa na mdogo, mke na mume. Mwaka 1976 Gunila Axén akachora mistari ya nguo za watoto ya kampuni ya Uswidi iitwayo Polarn O. Pyret, na mpaka leo inauzwa kwa wote. Saizi za watoto huko Ulaya huandikwa kwa kimo, 98, 104, 110, 116, kila hatua sentimita sita. Namba hizo hazitaji jinsia.

Lakini kiwanda hakimuulizi mtoto mfuko wa nini, na hapo fundi wetu wa barazani anakishinda kwa mbali.

Wapo wazazi wanaoogopa kwamba mtoto akichaguliwa machache na kujichagulia mengi, malezi yatavurugika. Fundi mzuri hagombani nao. Siku ya Idi anashona kanzu, siku ya kipaimara anashona gauni, na sare za shule zina kanuni zake: sketi kwa huyu, kaptula kwa yule. Ndani ya kanuni hizo bado kuna nafasi. Sketi ya buluu inaweza kuwa na mifuko miwili na marinda mapana ya kukimbilia. Kanzu inaweza kutiwa darizi ya rangi aliyoichagua mwenye kuivaa. Na gauni si kosa. Msichana anayelipenda gauni lake la pinki lenye riboni amejieleza sawasawa na yule aliyeomba suruali. Jambo ni kwamba aliulizwa.

Mzazi, wiki mbili kabla ya sikukuu mafundi hulemewa, na hapo hata aliye bora hukata kwa kubahatisha umri. Nenda mapema. Mchukue mtoto badala ya kupeleka nguo yake ya zamani kama kipimo, nyamaza anapoulizwa, na ulipe bei ya kazi, usihesabu yadi za kitambaa tu.