Kisu Kilichokondeshwa Vizuri

Kisu cha Kijapani kikishanolewa miaka kadhaa huanza kukwama ndani ya mboga, hata kama makali yake bado yananyoa nywele za mkono. Ubapa wake ni mwembamba penye makali na hunenepa kuelekea mgongoni, na kila ukinoa unayasogeza makali juu, kwenye sehemu nene. Dawa ni kuulaza ubapa juu ya kinoo, kupunguza chuma nyuma ya makali, kisha kuusafisha uso uliochubuka. Ni kazi ya nyumbani kabisa. Lakini ukitaka kujua kama imefanywa vizuri, mng'ao uache mwisho, kwa sababu kisu kibovu nacho hung'arishwa.

Anza na karoti nene. Kisu kinene huipasua badala ya kuikata: utasikia inaalika kabla makali hayajagusa ubao, na uso wa kipande utakuwa mkavu, wenye mipasuko. Kisu kilichokondeshwa sawasawa hushuka kimya na kuacha uso laini wenye majimaji. Kiazi kinapima jambo jingine. Ubapa uliosagwa ukawa tambarare kabisa hugandwa na kila kipande. Ulioachiwa uvimbe kidogo huviachia vianguke. Uvimbe huo ndio ustadi wenyewe, nao hupotea haraka mikononi mwa mwenye pupa.

Halafu kigeuze kisu ukitazame kwa nyuma, pale ubapa unapokaribia mpini. Unatafuta kabari ndefu inayoshuka bila bega la ghafla. Kwa gyuto, kisu cha kazi zote, unene wa milimeta 0.2 hadi 0.3 juu tu ya makali unapendeza. Deba, kinachopasua vichwa vya samaki, usikitakie wembamba huo, kitamegeka.

Jambo ninalolichunguza kwa muda mrefu kuliko yote ni mashimo ya makali. Anayekandamiza kinoo mahali pamoja hula chuma hadi makali yakabonyea. Chukua kisu chenye makali yaliyonyooka, kama nakiri, kisimamishe juu ya ubao ulio tambarare na utazame kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya makali, hapo pana shimo. Kitunguu cha majani kitathibitisha: vipande vitabaki vimeshikana kwa uzi mwembamba, daima sehemu ileile ya kisu. Kuliondoa shimo hilo ni kushusha makali yote mpaka yalingane nalo, yaani kuanza kazi upya.

Kwa visu vyenye mteremko wa makali upande mmoja tu, kama yanagiba, ambavyo mji wa Sakai unasifika navyo, geuza upande wa nyuma. Pale mhunzi ameacha bonde la kina kifupi linaloitwa urasuki, likizungukwa na ukingo mwembamba. Ukingo ukiwa mpana, mtu amesaga mahali pasipostahili, na bonde hilo halirudi kirahisi. Upande wa mbele, mstari wa shinogi unaotenganisha mteremko wa makali na ubapa uwe mkali na usiyumbe.

Rangi ya samawati karibu na makali ni sababu ya kukikataa kisu. Imetokana na mashine iliyokipasha moto, na feleji ya kaboni kama shirogami ikipata moto kiasi hicho hulegea, haikai na makali tena.

Sasa mng'ao. Inamisha ubapa taratibu chini ya taa moja. Mikwaruzo yote ielekee upande mmoja, na chini yake isionekane mifereji yenye kina iliyoachwa na kinoo cha chembe kubwa, cha namba 220. Kwenye kisu cha tabaka, chuma laini cha nje kiwe na ukungu wa kijivu na feleji ya ndani ing'ae, ndiyo kasumi. Mawe ya asili ya Kyoto, kama uchigumori, huutoa ukungu huo kwa uzuri ambao msasa haujaufikia. Hata hivyo, kinoo cha 1000 kilichopitishwa kwa usawa nakiheshimu kuliko kioo kilichofunika makosa.

Chuma kilichochubuliwa upya kitaacha weusi na harufu kwenye kitunguu siku za mwanzo. Kifute kila mara, kitajijengea rangi yake ya kijivu. Kutu ya rangi ya chungwa ikijipanga kwa mistari, mikwaruzo ya chini ina kina na inashika maji. Rudi kwenye kinoo cha 400.